Dagaa wa Jana

Kwa mume wangu wanapenda kusema kwamba Ng'washi hajui leo ni lini. Wanalisema nikiwa nimekaa pale pale, kama mtu anavyosema ng'ombe fulani hana mkia. Nimewaacha waseme miaka mingi. Sasa nami nitasema, na nitaanza na hilo hilo, maana ni kweli. Zipo siku ambazo sijui leo ni lini. Wasichokisema wao ni walichokuwa wanakifanya ndani ya siku hizo.

Naishi Igombe, kando ya ziwa, karibu na mwalo ambapo mitumbwi inaleta dagaa alfajiri. Kazi yangu ni kuanika. Unanunua ndoo zako, unatandaza nyavu mchangani, unamwaga, unasambaza kwa mkono mpaka asibaki dagaa juu ya mwenzake. Kisha unangoja upande wa juu ukakamae, ndipo unageuza. Ukigeuza mapema, vichwa vinakatika. Ukichelewa, wa chini wanagandana na wavu na wanaanza kunuka. Shule sikwenda, na kusoma nilijifunzia ukubwani, kwenye darasa la kina mama la parokia, lakini kugeuza dagaa sikuhitaji kufundishwa mara mbili.

Ugonjwa ulinianza baada ya kumzaa Gladness, mtoto wangu wa pekee. Wakati huo nilikuwa nakaa Mabatini na mume wangu, Chenge, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi. Chenge akitoka asubuhi, mimi nabaki kitandani nikitazama mwanga wa dirisha ulivyopiga ukutani. Nalala, naamka, mwanga uko pale pale. Maji ya chai yakiwekwa jikoni nina hakika nitazeeka kabla hayajachemka. Jirani akipita kunijulia hali, salamu yake haifiki mwisho. Nilimwambia mama yangu mzazi, naye akadhani ni uchovu wa uzazi. Mama, nikasema, si uchovu. Jioni imekataa kuja.

Lipo na jingine ambalo watu hawalielewi hata ukiwaeleza taratibu. Siku hizo ndefu zikishapita, ukigeuka nyuma huzioni. Mwezi mzima unabaki kama kanga iliyofuliwa mpaka ikatoka maua yote. Huoni siku ya gulio, huoni Jumapili, huoni aliyekuja wala aliyeondoka. Ukiwa ndani, siku haina mwisho. Ukishatoka, haikuwepo.

Halafu nikawa napanda. Hapo kila mtu alikuwa mzito isipokuwa mimi. Watu waliongea kama redio yenye betri zilizokwisha, nikawa nawamalizia maneno yao. Nilifua nguo safi. Nilipika cha mchana asubuhi na cha usiku mchana, nikamkasirikia Chenge kwa nini hana njaa. Siku moja nilikwenda stendi ya Nyegezi kumpokea dada yangu ambaye hakuwa hata amepanga safari, nikakaa pale nikiwa na furaha, nikiona basi lake limechelewa kidogo tu. Walinifuata giza likiwa limeingia.

Walinipeleka kwa waganga, wakanipeleka kwenye maombi, nikachanjwa, nikamwagiwa maji. Mwisho nilijipeleka mwenyewe hospitali, upande wa afya ya akili, nikakutana na dada mmoja muuguzi ambaye hakuwa na haraka. Hakuniuliza nimerogwa na nani. Aliniuliza, "Mama, siku zako zinakwendaje? Zinakimbia, au zimesimama?"

Nililia mpaka akanipa kitambaa chake. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Akaniambia huo ni ugonjwa wa hisia. Hisia zikishuka, muda unakuwa mzito. Zikipanda, muda unateleza. Alisema si uvivu wala si pepo, na vidonge vipo. Ninavyo mpaka leo. Vinasaidia sana, ila havifungi milango yote.

Sasa nije kwa wifi na shemeji zangu.

Mtu ambaye siku zake zina matundu, wenzake wanaweza kupitisha humo chochote wanachotaka. Chenge ana dada mkubwa, Modesta, aliyeolewa Magu kwa watu wa mpunga na pamba. Modesta amezaa wavulana watupu. Gladi alipokuwa na umri wa kuanza shule, mimi nilishuka, nikashuka sana. Nilipoibuka niliona nyumba kimya. Nikamuuliza Chenge, "Mtoto yuko wapi?"

Akanitazama kama ananionea huruma. "Si ulimpa dada? Ulimfungia nguo mwenyewe kwenye mfuko, ukasema ampeleke Magu."

"Mimi?"

"Ulisema mwenyewe, Ng'washi."

Nikatafuta kichwani. Nikapekua kila mahali. Sikuona mfuko, sikuona nguo, sikumwona mtoto akiaga. Niliona ule mwanga wa ukutani tu. Basi nikaamini. Ningefanyaje? Nikaona aibu kubwa, mama aliyegawa mtoto kisha akasahau, nikanyamaza. Hilo nililibeba kama jiwe mgongoni, mahali alipokuwa anakaa Gladi.

Baada ya hapo nililisikia neno lile kwa kila jambo. Cherehani yangu ilikwenda kwa Modesta kwa sababu nilisema mwenyewe. Shamba alilonigawia baba yangu kule Kisesa analima mdogo wake Chenge, nilisema mwenyewe. Mwisho Chenge akaniambia niende Igombe nikapumzike mwezi mmoja, nipate hewa ya ziwa. Mwezi ule haujaisha mpaka leo. Chumba nalipia mwenyewe, kwa dagaa.

Mimi nami sikuuliza. Kumuuliza mtu leo siku gani ilikuwa sawa na kumpa fimbo. Nilikuwa nasikiliza kengele za kanisa, natazama watoto wamevaa sare au hawakuvaa, nabahatisha. Afadhali kubahatisha kuliko kuchekwa.

Gladness amekua. Amesoma chuo Nyegezi, na huko ndiko alikompata Jovitus, kijana wa Bukoba, mpole, anayeniamkia mpaka natamani aache. Tangu aanze chuo, Gladi anakuja Igombe kila apatapo nafasi. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilimgawa, nami sijawahi kupata ujasiri wa kumwambia kwamba sijui.

Alhamisi moja mwaka huu alikuja akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, karibu na nyavu zangu.

"Mama, wakina Jovitus wanakuja keshokutwa, Jumamosi, nyumbani kwa baba. Mshenga ameshauliza habari za mkaja."

Mkaja ni kile kitambaa ambacho mama hufungwa tumboni akishajifungua, ili tumbo lirudi. Binti akiposwa, upande wa mume wanaleta kitenge kwa ajili ya mama, na mwanamke wa upande wao anamfunga kiunoni mbele ya watu wote. Kitenge chenyewe unaweza kukinunua dukani siku yoyote. Lakini aliyefungwa ndiye aliyezaa, na watu wameona. Baada ya hapo hakuna wa kubisha.

"Shangazi yako je?" nikamuuliza.

"Shangazi alinilea, namshukuru. Lakini hakunizaa." Akachukua dagaa mmoja, akamkata kichwa, akatafuna. "Nimemwomba yeye ndiye aje kukuchukua. Anakuja na gari la kukodi kutoka Magu, atazungukia huku asubuhi. Nataka muingie pamoja. Nimechoka kuwa na mama wawili wasioonana."

"Gladi, naona nashuka."

Ilikuwa kweli. Chai ilikuwa imeanza kuchelewa kuchemka.

"Basi uje hivyo hivyo umeshuka, mama. Nani amekuambia unakuja kucheza ngoma?"

Hapo nilicheka. Alipoondoka nilikuwa na jambo moja tu la kufanya katika dunia hii, kukaa kwenye mkeka ule Jumamosi. Mengine yote wangechukua.

Alfajiri ya Jumamosi aliyenigongea ni Bernadetta. Tunaanika naye bega kwa bega. Ni mjane, Mhaya wa Muleba, na ulimi wake hauna kifuniko.

"Mama Gladi! Mitumbwi imeingia! Si ulisema unataka dagaa wa wakwe? Wakwe zako ni watu wa kwetu hao, usiwaletee takataka ukaniaibisha na mimi!"

Nikajikokota. Mikono ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine, lakini nilinunua ndoo moja ya dagaa wazuri, weupe, wale wanaong'aa, nikawasambaza kwenye wavu wangu wa pembeni. Kwa jua la msimu ule, wangekauka kutwa hiyo hiyo, na mtu angewapeleka kesho yake kwenye meli ya kuwarudisha wageni. Nikamwambia Bernadetta, "Hawa ni wa wakwe, usiwachanganye." Kisha nikaingia ndani nikaoge nijiandae. Nikasema nikae kitandani kidogo kwanza. Nikalala ubavu. Mwanga ulipita kwenye tundu la bati, ukapiga ukutani, ukasimama.

Sijui nilikaa hivyo muda gani, ndiyo maana siandiki.

"Hodi humu ndani."

Alikuwa Modesta. Alisimama mlangoni amevaa gauni jipya la kitenge na kilemba chake, pua ameiziba kwa upindo wa mtandio kwa sababu ya harufu ya dagaa. Nikajiinua.

"Karibu, wifi. Shikamoo. Nakuja sasa hivi, nivae tu."

"Marahaba. Uvae uende wapi?" Akakaa kwenye kigoda, akaniangalia. "Pole sana, wifi yangu."

"Pole ya nini?"

"Hukumbuki? Wageni si walikuja jana."

Nikamtazama.

"Leo Jumapili, wifi. Mimi natoka ibada ya kwanza, nikasema nipite nikuone. Jana nilikuja kukuchukua kama Gladi alivyosema. Nilisimama hapa hapa, nikakutikisa bega. Ukasema nikuache ulale."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema mwenyewe." Akanipapasa goti. "Gladi alilia kidogo, lakini yameisha. Mkaja niliupokea kwa niaba yako. Usijali, ni ndani ya familia. Wewe pumzika."

Simu yangu ilikuwa imezima. Nikishuka, kupeleka simu kuchajiwa ni safari ya kwenda nchi nyingine. Modesta akainuka, akaurudisha mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Nikasikia gari likiondoka.

Nikaamini tena. Naliandika bila kulificha, maana ndivyo walivyonizoesha. Nililala nikiuangalia ukuta, nikawaza kwamba siku yangu moja niliyoitaka imekuja, imenigonga bega, nami nimeifukuza. Sikulia. Ukishuka kiasi kile, hata machozi yanachelewa njiani.

Kilichoniinua ni sauti ya Bernadetta.

"Mama Gladi! Toka ugeuze dagaa wako! Mimi si mfanyakazi wako wa ndani!"

Nikatoka. Si kwa sababu nilitaka kutoka. Dagaa wakiitwa unatoka, miguu inajua. Nikaenda kwenye wavu wa pembeni, nikainama, nikaingiza kiganja chini yao nikageuza fungu la kwanza.

Juu walikuwa wamekakamaa. Chini walikuwa wabichi. Matumbo yalikuwa laini, na maji yalinibaki kiganjani.

Nikageuza fungu la pili. Wabichi. Nikabaki nimeinama pale na maji ya dagaa yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Kama nililala kutwa nzima ya jana, hawa wangekuwa wamekauka kama vijiti. Na kama mtu angewasahau bila kugeuza usiku kucha, wangekuwa wameoza, nzi wangekuwa wamewafunika. Nilikuwa nimewaanika alfajiri ya Jumamosi, kwa mikono hii, na walikuwa hawajamaliza hata upande mmoja. Jumamosi ile ilikuwa bado mbichi.

Kuhakikisha, nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya katika maisha yangu ya ugonjwa. Nikasimama wima katikati ya mwalo, wanawake wote wapo wanaanika, nikauliza kwa sauti kubwa, "Jamani, leo siku gani?"

Wakacheka. Nilijua watacheka.

"Jumamosi, we mama! Kwani umeolewa tena jana hata unapotewa na siku?"

"Jumamosi ya mwezi gani, tukutajie na mwaka?"

Bernadetta hakucheka. Alinitazama usoni. "Nani amekuambia si Jumamosi?"

"Wifi yangu. Amesema leo Jumapili, wageni walikuja jana, mkaja ameupokea yeye."

"Yule aliyekuja na gari, ameziba pua?"

"Yeye."

Bernadetta akatazama nyavu zangu, akanitazama mimi, akapiga makofi mara moja kwa kushangaa. "Mtu wa mpunga! Amepita katikati ya dagaa wabichi, anakwenda kumdanganya mwanika dagaa habari ya jana! Si angetafuta fundi cherehani akamdanganye!"

Sasa wote walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka upande. Mimi sikuweza kucheka nao. Nilikuwa nimekwama kwenye neno lingine. Ulisema mwenyewe. Kama la leo ni uongo, la cherehani je? La shamba la baba yangu? Na ule mfuko wa nguo za Gladi, ambao nimeutafuta kichwani mpaka nikajichukia, je, nilikuwa naukosa kwa sababu niliusahau, au kwa sababu haukuwepo?

"Utalia baadaye," Bernadetta akasema. "Unakwenda, huendi?"

"Nakwenda."

Watu wasidhani hasira iliniponya. Hasira si dawa. Mwili ulikuwa mzito vile vile, na barabara kutoka Igombe mpaka Mabatini, mimi nikiwa nyuma ya bodaboda, ilikuwa ndefu kama kiangazi kizima. Kila kona niliona tumeshaipita. Moyo uliniambia shuka, rudi, ukalale. Nikauambia unyamaze. Sikuoga. Nilikuwa na kanga ya kazini, na magamba yamenikauka mikononi. Mapajani nilipakata ndoo ya wale dagaa, nusu wakavu nusu wabichi. Nilisema wakwe zangu watawapata hivyo hivyo.

Nyumbani kwa Chenge walikuwa wamefunga turubai. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, wageni wa Bukoba upande wao wamepangwa vizuri, na masufuria bado yako juu ya moto nyuma ya nyumba. Nilisimama kwenye geti nikiwa nimeshika ndoo. Gladi sikumwona. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amejifungia ndani analia, kwa kuwa shangazi yake alimletea habari kwamba mama amekataa kuja.

Mshenga wao, mzee mmoja anayeitwa Venant, alikuwa amesimama katikati. Pembeni yake mwanamke wa kwao ameshika sinia lenye kitenge kilichokunjwa.

"Basi ndugu zetu," mzee Venant akasema, "tunaomba mtuonyeshe mama aliyemzaa bibi arusi, tumfunge mkaja wake."

Chenge akakohoa. "Mama mzazi ana matatizo ya afya, hakuweza kufika. Lakini huyu hapa, dada yangu, ndiye aliyemlea."

Modesta akajiweka sawa kwenye mkeka, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Hodi!" nikasema.

Vichwa vyote vikageuka. Nikapita katikati ya viti na harufu yangu yote. Chenge akanijia haraka, akasema kwa sauti ya chini, "Ng'washi, umechelewa. Mambo yameshapangwa."

Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, ambayo pale ilisikika kwa wote. "Nimechelewa kufika. Kuzaa sikuchelewa."

Upande wa wanawake mtu mmoja akapiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo.

"Wifi," Modesta akasema, tena kwa sauti tamu, "si ulisema mwenyewe kwamba huji?"

Nikaiweka ndoo mbele yake mkekani. "Ingiza mkono, wifi."

"Niingize mkono wa nini kwenye midagaa?"

"Shika. Mbona walipokuwa mchangani umepita katikati yao?"

Hakushika. Mwanamke wa Bukoba aliyekuwa na sinia ndiye aliyeinama akagusa, maana wale ni watu wa ziwa pia. "Hawa bado wabichi," akasema.

"Niliwaanika leo alfajiri kwa ajili yenu," nikamwambia. "Wifi yangu amekuja chumbani kwangu akaniambia leo Jumapili, na nyinyi mlishakuja jana, mkamfunga mkaja. Nina ugonjwa, mama. Siku zinanipotea, na kila mtu hapa anajua. Kwa hiyo nimekuja kuuliza. Mlikuja jana?"

Mzee Venant akawatazama wenzake. Akavua kofia. "Jana, mama? Jana tulikuwa bado tunapanda meli Bukoba."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Lakini niliona mabega ya wanawake yanatikisika kuanzia mkeka wa kwanza mpaka wa mwisho, na niliona Modesta anatafuta mahali pa kuweka macho.

Chenge alinisogelea, akaninong'oneza, "Usituaibishe mbele za wageni."

Nami nikamnong'oneza, kwa sababu hilo halikuwa la wageni. "Siku aliyochukuliwa Gladi, nilisema mwenyewe?"

Akanyamaza. Alinyamaza mpaka hata mimi, ambaye kwangu dakika hazina kipimo, nilijua kwamba amenyamaza sana.

"Hayo ni mambo ya zamani, Ng'washi."

"Kwako ni ya zamani," nikasema. "Kwangu ni leo asubuhi."

Akaondoka mbele yangu, akarudi kwenye kiti chake. Sikuhitaji jibu lingine. Lile jiwe nililolibeba mgongoni nililiacha pale miguuni pake, na kama anataka alibebe yeye.

Gladi alikuwa ameshatoka, macho mekundu, kanga imemtoka kichwani. Alimwinua shangazi yake kwa mkono, kwa adabu, akamsogeza mkeka wa pili, kisha akanikalisha mimi. Yule mwanamke wa Bukoba akapiga magoti, akakikunjua kitenge, akanizungushia kiunoni juu ya kanga yangu yenye magamba. Akafunga fundo, akalikaza.

"Asante kwa kutuzalia," akasema.

Vigelegele vilipigwa. Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Sikuweza. Furaha ilikuwa upande wa pili wa kitu kinene, nikiisikia kama mtu anavyosikia ngoma ya kijiji kingine. Na mchana ule ulikataa kwisha. Mzee Venant aliongea, Chenge akaongea, baba mdogo wa Gladi akaongea, kila mmoja kwangu alikuwa kama msimu wa mvua. Jua lilisimama juu ya turubai likaota mizizi.

Gladi akanisogelea sikioni. "Mama, umechoka. Jovitus akurudishe?"

"Bado sana kwisha?"

"Bado kidogo."

"Kwangu ni nyingi mno, Gladi."

"Ndiyo nakuuliza. Uende?"

"Siendi. Nitaikaa yote."

Nikaikaa. Dakika moja moja, zote, kwenye mkeka wangu, mpaka chakula kikaliwa na mikono ikanawiwa na mgeni wa mwisho akaniaga kwa kuniita mama. Siku ndefu zimenilia maisha yangu. Ile nilikuwa nayo mwenyewe, na hakuna atakayenisimulia kilichotokea ndani yake.

Siku hizi nikienda kuanika najifunga mkaja ule kiunoni. Bernadetta ananiambia nauharibu kwa magamba. Namwambia ndiyo kazi yake. Kila asubuhi nauliza mwalo mzima leo siku gani, kwa sauti, na sasa wananijibu bila kucheka, hata wengine wanashukuru maana nao walikuwa hawana hakika. Cherehani nimeshaifuata. Shamba la baba yangu nalifuata.

Juzi Modesta alimtuma mtu kutoka Magu. Anasema nilimdhalilisha mbele za wakwe, na familia inanitaka niende nikamwombe radhi.

Nikamwambia yule mjumbe arudi na jibu. Mwambie wifi nilikwenda jana. Nilisimama mlangoni kwake, nikamwomba radhi vizuri kabisa, yeye akasema nimwache alale. Kama hakumbuki, basi. Alisema mwenyewe.